Watoto Kumi na Mmoja Kwenye Kanisa la Magogo

Niliwahesabu kwa kidole, na kwa sauti. Ilikuwa kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, bado tuko upande wa Kentucky, magari mawili yamesimama na watoto wamemwagika nje kunyoosha miguu. Nilinyoosha kidole nikaanza: mmoja, wawili, watatu. Akina mama waliokuwa wanatoka chooni walisimama ghafla kama wamenikuta nimevua nguo. Mama mkwe alinishika mkono. Nikauchomoa. Wanne, watano. Mtoto mmoja alidhani ni mchezo, akajificha nyuma ya mwenzake. Nikamvuta shati nikamhesabu. Kumi. Nikaanza upya kutoka upande mwingine. Kumi.

"Tulikuja na kumi na mmoja," nikasema.

"Usihesabie batoto." Mama mkwe hakupaza sauti. "Binti, nakuomba. Acha."

"Wangu yuko wapi?"

"Iko na bengine."

Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo ananijibu hivyo. Uvumilivu wangu uliishia hapo. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba hakuna wengine. Kuna magari mawili, yote mawili milango iko wazi, na binti yangu wa miaka minne hayumo. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama wa mtu yeyote, sembuse mama wa mume wangu. Mpaka muuza duka alichungulia dirishani.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo. Huwezi kuielewa hasira yangu kama hujui jinsi tunavyosafiri.

Kanisa letu lina matawi matatu. Kuna la Buffalo, ninakoishi mimi. Kuna la Columbus, anakoishi mama mkwe kwa shemeji yangu, kule Westerville. Na kuna la Louisville. Wengi wetu ni watu wa Kivu ya Kusini tuliopitia kambini, Tanzania au Burundi, wengine miaka mingi kuliko waliyoishi kwao. Mimi nilimaliza sekondari kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, na mama mkwe hunicheka kwamba naongea kama redio. Kila mwaka akina mama wa matawi yote wanakutana katika mji mmoja. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Louisville. Mama mkwe ndiye mwenyekiti wao.

Kwenye safari zetu mtoto hapandi gari la mama yake. Anapanda alipo rafiki yake, au palipo na maandazi. Kila mama ni mama. Atakulisha, atakufuta kamasi, atakuchapa ukistahili. Nimekulia hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Halafu kuna hili la pili: watoto hawahesabiwi. Mbuzi wanahesabiwa, magunia yanahesabiwa. Ukimnyooshea mtoto kidole ukasema wewe ni wa tano, umemwonyesha kwa yule anayetafuta wa kuchukua. Wazee hawalifafanui zaidi ya hapo. Sisi wa umri wangu tunajifanya hatuamini, lakini tunahesabu vikombe. Unamimina juisi, unajua umemimina vikombe vingapi, umemaliza. Mchana ule nilikuwa nimemimina kumi na kimoja.

Na kazi yangu mimi, nikuambie, ni kuhesabu watu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Cheektowaga. Kila tunapopokezana zamu tunapita kitanda hadi kitanda na karatasi: huyu yupo, huyu yupo, huyu yuko bafuni, gonga mlango usikie sauti yake. Mzee wa Kizungu nisiyejua hata ukoo wake hawezi kunipotea dakika tano. Mtoto wangu mwenyewe nilimwachia "bengine".

Mkutano uliisha Jumamosi asubuhi. Mke wa mchungaji wa Louisville akasema kabla hatujashika barabara ya kurudi, atatupeleka tuone kanisa la magogo lililojengwa na Wazungu wa kwanza waliohamia huko. Liko nje ya mji, mashambani, na baada ya hapo kila gari lingeelekea kwake. Akina mama wakafurahi. Mimi nilikuwa na mtoto mwingine wa miezi mitano, ananyonya, sikuwa nimelala vizuri, na nilichotaka ni kitanda changu. Lakini nani atasema hapana kwa kanisa? Binti yangu akataka kupanda na tate, ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi yao, kwa hiyo tukahamishia kiti chake kwenye gari la Columbus.

Kanisa lenyewe ni dogo kuliko nilivyotarajia. Magogo makubwa yamelazwa moja juu ya jingine, kwenye pembe yameshikana kama vidole vya mikono miwili, na katikati ya gogo na gogo wamekandika udongo. Madirisha madogo, paa la vipande vya mbao, na kulizunguka pande zote nyasi zilizokatwa vizuri. Mama mkwe alilizunguka mara moja, mikono nyuma, akagonga ukuta kama mtu anayepima tikiti sokoni.

"Bon," akasema. "Ni miti na udongo. Sasa hii njo bantu banatoka mbali kuja kuangaria?"

"Mama, ni la zamani sana," mke wa mchungaji akamwambia.

"Ya kwetu ya kambi ilikuwa na bati."

Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mwingine akasema kumbe tungebaki kambini miaka mia mbili, nasi tungepata watalii. Mzee wa Kizungu anayejitolea kulitunza kanisa, mwenye kofia pana na funguo kiunoni, alicheka pamoja nasi bila kujua tunacheka nini. Alikuwa mtu mzuri. Naliandika hilo mapema kwa sababu baadaye walitaka nimfanye mtu mbaya.

Mlangoni palikuwa na daftari la wageni. Tarehe, mmetoka wapi, mko wangapi. Mzee alinipa kalamu mimi kwa kuwa ndiye niliyemsalimia. Nikaandika Louisville, Columbus, Buffalo. Nilipofika kwenye idadi, mama mkwe akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Andika kanisa," akasema.

Mzee akauliza, ni wangapi hivi? Nikamtafsiria. Mama mkwe akamtazama usoni, akamjibu kwa Kiingereza chake: wengi. Mzee akacheka tena. Na mimi nikaandika "kanisa" mahali pa namba. Mkono ulikuwa wangu.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mbao kavu. Mabenchi hayana migongo. Juu ya mlango kuna roshani ya mbao, na ngazi nyembamba ya kupandia imefungiwa kamba ili watu wasipite. Mzee alisema huko juu ndiko watumwa walikokaa wakati wa ibada. Alilisema haraka, akasogea kwenye mimbari. Nikatafsiri. Akina mama wote wakainua vichwa kwa pamoja.

"Kwa hiyo walikuwa wanasali nao?" mke wa mchungaji akauliza.

"Wao juu, mabwana zao chini."

"Na kuimba je?"

"Sijui, mama. Hakusema."

Mama mkwe alianzisha wimbo, ule wa kuingilia ibada, na sauti zikaenda moja kwa moja hadi kwenye ile roshani. Mzee akavua kofia. Kwa dakika hizo nilikuwa na furaha, sitakataa. Watoto hawakusikia neno. Wao walikuwa wameona ngazi.

Nje kuna makaburi, mawe yameinama, maandishi yamelika. Mengi ni mafupi. Mzee akatueleza kwamba hayo mafupi ni ya watoto. Mama mkwe aliyapita kwa haraka bila kutazama chini na akatuita tukale. Tulikula kwenye banda la mbao lenye meza ndefu: sombe ya majani ya muhogo, wali, kuku, samaki wa kukaanga. Nikamimina juisi yangu, vikombe kumi na kimoja, vyote vikachukuliwa. Watoto wakarudi kucheza, mara ndani ya kanisa, mara nje, mara nyuma ya ukuta wa mawe. Kulikuwa na kijito huko chini, nyuma ya miti. Nilikiona na nikajiambia, nikimaliza kunyonyesha nitakwenda kuwaangalia.

Saa kumi mzee akasema anafunga. Alisimama mlangoni akauliza kama wote wametoka. Mmoja wetu, simtaji, akamjibu ndiyo, ndiyo. Hakuwa ametazama ndani. Mzee naye hakutazama. Nilisikia kufuli. Nilikuwa ndani ya gari la Buffalo nikimfunga mdogo mkanda, nikapaza sauti dirishani: "Mama, mtoto yuko kwako?"

"Iko na bengine," akajibu, akijipandisha kwenye gari la Columbus.

Nikachukulia hao wengine ni wale waliomo garini mwake. Barabarani nilimpigia simu, wanaimba, hasikii vizuri. Iko na bengine. Nikakata. Kuna kitu kilinikaa kifuani, kama mfupa wa samaki, lakini nikajisemea wewe umechoka, usianze ugomvi na mama wa watu. Saa nzima nilikaa na huo mfupa.

Basi, kituo cha mafuta. Nimekwisha kusema nilivyohesabu. Baada ya hapo nilikimbilia gari la Columbus, nikatazama kiti cha binti yangu. Ndani ya kiti kulikuwa na sufuria la sombe iliyobaki. Walikuwa wamelifunga mkanda vizuri kabisa, lisimwagike.

"Niliona kiti iko bule," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Nikasema, amerudia ku mama yake, kwa kale katoto kananyonya. Donc, nikaweka sufuria."

Mimi nilidhani yuko kwake, yeye alidhani yuko kwangu. Mama mmoja alidhani amebaki Louisville na mke wa mchungaji, tukapiga, hayuko. Kwenye karatasi tuliyochukua kanisa la magogo kulikuwa na namba ya simu, ikajibu mashine. Nikaanza kubonyeza namba ya polisi.

"Polisi hapana," mama mkwe akasema. "Bataandika mama mubaya. Batabeba batoto bote, ata uyu bébé."

Akina mama walikuwa upande wake. Sote tumesikia hizo habari. Kila mtu anamjua mtu anayemjua mama aliyechukuliwa watoto kwa sababu aliwaacha peke yao kidogo tu. Nami niliogopa. Nikabonyeza vibaya, nikarudia.

Sauti ya mwanamke ikaniuliza mtoto ana miaka mingapi, amevaa nini, nani alikuwa naye mara ya mwisho. Gauni la njano, nikasema, viatu vinavyowaka taa. Nani alikuwa naye mara ya mwisho? Gauni la njano, nikarudia.

Gari la Columbus likabaki pale na watoto. Letu likageuza. Dereva wetu ni mwanamume wa kanisa la Buffalo, mtu wa maneno machache. Mama mkwe alipanda bila kuniuliza, akamchukua mdogo mikononi mwangu. Maziwa yalikuwa yananivuja na kulowesha blauzi, na mtoto analia, na sikuweza kumnyonyesha. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilifikiria kijito. Nilifikiria ile barabara nyembamba isiyo na pa kutembea, na magari makubwa ya shamba. Nilifikiria mtu yeyote aliyesimama na gari akaona katoto kamevaa njano. Kila nilipomaliza orodha nilianza tena na kijito.

Simu ikalia. Polisi amefika. Amezunguka kanisa, ameita, mlango umefungwa, kwenye uwanja hakuna mtoto. Wanamtafuta mwenye funguo.

Hakuna mtoto. Nikapiga gari la Columbus nikasema nipeni mtoto aliyekuwa anacheza naye. Wakampa simu rafiki yake, msichana wa miaka sita. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kwa utulivu kama ananieleza sheria za mchezo. Walikuwa wanacheza kujificha. Wote walipatikana isipokuwa yeye. Bado amejificha, akasema.

"Amejificha wapi?"

Juu, akasema. Kule kwenye kamba.

Nikampigia tena yule mwanamke wa polisi, nikamwambia waangalie ndani, kwenye roshani, na hata kama dirisha ni la zamani, walivunje. Aliniambia nitulie. Sikutulia.

Mama mkwe alikuwa anatazama nje. Mdogo alikuwa amenyamaza mikononi mwake. Akasema, si kwangu, ila kwa dirisha: "Ku muto nilihesabia. Batoto sita. Na kidole, vile ulifanya. Ngambo ingine, banne."

Nilikuwa naijua habari hiyo. Mume wangu, ambaye ni mmoja wa wale wanne, aliwahi kunieleza mara moja na hajairudia. Siku ile wanakimbia, mama yao aliwapanga ukingoni, akawahesabu ili asimwache mtu, halafu wakaingia majini na watu wengi. Toka siku hiyo hajahesabu mtoto. Ningepaswa kumshika mkono. Nilitafuta huruma ndani yangu na sikuipata. Yote ilikuwa imekwenda mbele yetu, kule kwenye magogo.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi. Gari la polisi limesimama juu ya zile nyasi zilizokatwa vizuri. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, amefunikwa koti la yule mzee wa funguo, na alikuwa amejikojolea. Aliponiona hakulia. Alilia nilipomshika.

Alilala huko juu akiwasubiri wenzake wamtafute. Alipoamka, kimya. Alishuka, akakuta mlango hausogei, akatuita. Kisha akaanza kuchimba ule udongo ulio katikati ya magogo, karibu na mlango, kwa vidole. Alikuwa ametoboa tundu la kuingia mkono wake. Kucha zote zilikuwa na udongo, na moja ilikuwa inatoka damu. Polisi alipomwita, yeye akasikia mwanamume asiyemjua anazunguka nyumba, akarudi juu akajificha tena. Hiyo nilimfundisha mimi mwenyewe: mtu usiyemjua akikuita, usijibu.

Mzee aliliona lile tundu. Aliligusa ukingoni, akatazama kidole chake. Kisha akanigeukia akaniomba radhi, mara mbili. Alisema aliuliza, wakamwambia wote wametoka, lakini angetazama. Alikuwa karibu kulia.

Polisi akatoa kijitabu. Akauliza nani alikuwa na dhamana ya mtoto huyu.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," mama mkwe akasema kwa Kiingereza, akijua neno hilo vizuri.

"Mimi," dereva akasema kutoka mlangoni, mtu ambaye hajazaa.

Polisi alitutazama mmoja mmoja. Akauliza sasa ni nani hasa. Kwa watu wetu hilo lilikuwa jibu la heshima, kila mtu anajitwisha. Yeye alihitaji jina moja. Akaandika langu.

Wiki mbili baadaye mwanamke wa ofisi ya ulinzi wa watoto, mwenye kitambulisho shingoni, alikuja nyumbani kwetu North Buffalo. Alifungua friji, akaangalia vitanda, akamuuliza binti yangu maswali chumbani mimi nikiwa sebuleni nimekalia mikono yangu. Kwa siku zote za kusubiri majibu sikuwa mtu. Nilikuwa nalala nimewashika wote wawili. Nilikuwa nikisikia gari linapunguza mwendo nje, nainuka. Barua ya kufunga faili ilipofika niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa.

Ungefikiri hapo watu wangejifunza. Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja Buffalo, akatoa ushuhuda kanisani. Mungu amemtoa mjukuu wake ndani ya kanisa la Wazungu lililofungwa. Watu wakapiga vigelegele. Nilikaa nimekunja mikono. Kisha akina mama wakaniita pembeni, wakasema niandike barua ya malalamiko kwa wale wanaotunza kanisa la magogo, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuandika. Wote watatia sahihi.

"Yule muzee alifunga mutoto wetu," mmoja akasema. "Angekuwa wa kwao asingefunga."

"Alituuliza tuko wangapi," nikasema. "Nani alimjibu?"

"Sasa unatetea Muzungu?"

"Namtetea mtoto. Yeye angalau aliuliza."

Mama mkwe akasema, bila hasira: "Hiyo imeisha. Mungu alichunga. Mwezi wa saba tunapeleka batoto ku kambi, na kule pia Mungu atachunga."

Hiyo kambi ni ya watoto wa matawi yote matatu, siku tano, mabasi, na kuna ziwa la kuogelea. Nikamuuliza mbele ya wote kama kwenye kupanda basi watoto watahesabiwa.

"Hapana," akasema.

Nikamuuliza kama wataitwa hata majina.

"Bako na bamama."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu ninachokwenda kufanya. Alikuwa ametoka ghalani anakofanya kazi, bado amevaa viatu vya kazi. "Unamshitaki mama yangu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Kwa wazee?" Kwa wazee, kwa maandishi. Akasema kwetu hakuna mkaza mwana aliyewahi kufanya hivyo. Nikasema najua. Akainuka akaniletea karatasi zenye mistari, akaniambia andika vizuri basi, wasipate pa kushika.

Niliipeleka mwenyewe kwa katibu wa baraza la wazee. Alitaka kuipokea hivi hivi, kishkaji, akasema tutaongea mama, mambo ya ndani hayaandikwi. Nikasimama pale mpaka akatia sahihi na muhuri kwenye nakala yangu. Hii ndiyo niliyoandika.

*

Kwa Baraza la Wazee, matawi ya Louisville, Columbus na Buffalo

Yahusu: Malalamiko dhidi ya uongozi wa akina mama, na dhidi yangu mwenyewe

Wazee wetu, nawasalimu katika Bwana.

Mimi ni mshiriki wa tawi la Buffalo na mama wa mtoto aliyesahauliwa ndani ya kanisa la magogo wakati wa safari ya akina mama. Alikaa humo amefungiwa zaidi ya saa mbili. Mmesikia ushuhuda. Ushuhuda haukusema ni nani aliyemsahau, kwa hiyo nasema mimi.

Nalalamika kwamba mwenyekiti wa akina mama alikataza watoto wasihesabiwe wakati wa kufika na wakati wa kuondoka. Mtunzaji wa kanisa alituuliza tuko wangapi na hakupewa namba. Nilipouliza mtoto wangu yuko wapi nilijibiwa mara tatu kwamba yuko na wengine, bila mtu kusimama na kutazama.

Nalalamika juu yangu mwenyewe kwamba nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika. Nilijua kwa vikombe kwamba watoto ni kumi na mmoja, nikaogopa kusema. Niliridhika na jibu ambalo kazini lingenifukuzisha.

Simlalamikii mtunzaji wa kanisa la magogo, na naomba jina langu lisiwekwe kwenye barua yoyote ya kumlalamikia. Udongo aliouharibu mtoto wangu nimemwandikia kumwomba radhi.

Ninajua kwa nini mwenyekiti hahesabu. Baadhi yenu mlikuwa kwenye mto huo. Siombi aondolewe kitini wala aaibishwe. Naomba kazi ya kuhesabu apewe mtu mwingine, asilazimishwe kuifanya wala kuisikiliza, na asiwe na mamlaka ya kuizuia.

Naomba yafuatayo yaamuliwe kabla ya kambi ya mwezi wa saba. Kila gari na kila basi liwe na karatasi ya majina ya watoto. Majina yaitwe kwa sauti, mtoto aitike mwenyewe, mtu mwingine asimwitikie. Idadi iandikwe kwa namba. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja mwenye jina, ambaye polisi akiuliza atajibu peke yake. Ziwani waitwe kila wanapoingia na kila wanapotoka majini.

Nikijibiwa kwa maandishi kwamba mmekubali, binti yangu atakuja. Nisipojibiwa hatakuja, na nitamwambia kila mama wa Buffalo kwa nini, nyumba kwa nyumba.

Wenu katika Bwana,

Mama wa mtoto

Nakala: Mwenyekiti wa akina mama, Columbus. Hasomi. Nitakwenda kumsomea mwenyewe Jumamosi hii.